Kocha Asiyetulia: Mafunzo Niliyopata kwa Kumfuatilia Larry Brown

Vijana wanaoanza ukocha hunijia na majina yale yale mdomoni: Phil Jackson, Pat Riley, Gregg Popovich. Wanataka pete za ubingwa. Siwalaumu, nami nilizitaka. Lakini mtu niliyemfuatilia kuliko wote, tangu nilipokuwa bado na nywele, ni Larry Brown, mzaliwa wa Brooklyn, New York, mwaka 1940. Ndiye kocha pekee aliyetwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani na ubingwa wa NBA: Kansas mwaka 1988, Detroit Pistons mwaka 2004. Kabla ya vikombe hivyo, katikati yake na baada yake, alihama kiasi kwamba ukitaka kuzitaja timu zake kwa pumzi moja utakwama njiani: Carolina Cougars, Denver, UCLA, New Jersey, Kansas, San Antonio, Clippers, Indiana, Philadelphia, Detroit, New York, Charlotte, SMU, na uzeeni kabisa Torino, Italia.

Mimi nimefundisha kikapu Dar es Salaam, kwenye viwanja vya saruji, timu za shule, za mtaani, na mara moja moja za ligi ya mkoa. Brown sijawahi kumwona kwa macho. Nimemsoma kwenye kanda za video, kwenye magazeti yaliyofika yamechelewa, na siku hizi kwenye simu ya mjukuu. Yafuatayo ndiyo niliyookota, mengine kwa kumwiga, mengine kwa kuona yaliyomfika.

1. Kazi iko mazoezini

Mei 2002, Philadelphia ilipotolewa na Boston raundi ya kwanza ya mtoano, nyota wake Allen Iverson aliketi mbele ya waandishi wa habari akaulizwa kuhusu kukosa mazoezi. Akalirudia neno "mazoezi" zaidi ya mara 20, kwa sauti ya mtu asiyeamini anachoulizwa: yaani tunazungumzia mazoezi, si mechi? Dunia nzima ilicheka, nami nilicheka. Waliokumbuka kwamba kijana yule alikuwa akiomboleza rafiki yake aliyeuawa walikuwa wachache. Na wachache zaidi waliuliza kwa nini kocha wake alikuwa anang'ang'ania jambo dogo namna ile.

Kwa Brown halikuwa dogo. Yeye ni mtu anayependa mazoezi kuliko mechi, na amelisema hilo maisha yake yote. Katika mechi una dakika chache za mapumziko na wachezaji wanaohema. Mazoezini unaweza kusimamisha kila kitu kwa sababu mtu mmoja amesimama hatua moja kushoto kuliko inavyotakiwa.

Mimi kabla ya kumjua nilikuwa kocha wa filimbi. Nikiwagawa vijana timu mbili, wanacheza mpaka giza linaingia, na kazi yangu ni kupaza sauti: "Ongeza spidi! Kaba! Kaba!" Kisha mgeni mmoja Mmarekani aliyekuwa akifundisha mjini akaniachia kanda ya fainali ya 1988, Kansas na Oklahoma. Oklahoma walikuwa wameshawafunga Kansas mara mbili msimu huo. Kansas wenyewe kuna wakati walikuwa wameshinda 12 na kupoteza 8, majeruhi wamewajaa, hadi wakaazima wachezaji kutoka timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani ili kuziba mapengo. Hadi mapumziko ilikuwa 50 kwa 50, mbio tupu. Kipindi cha pili Kansas wakapunguza mwendo, wakachagua mitupo, na wakashinda 83 kwa 79. Danny Manning wa Kansas alifunga pointi 31 na kuchukua ribaundi 18. Hakuna bingwa mwingine wa vyuo aliyewahi kupoteza mechi 11 katika msimu wa ubingwa.

Niliirudisha kanda ile mpaka ikaanza kukwaruza, nikitafuta siri. Nilidhani nitaona mchoro wa ajabu. Nilichoona ni miguu. Mchezaji wa Kansas akipokea pasi alitua kwa miguu yote miwili kwa pamoja, magoti yamekunjwa, mpira kifuani. Ukitua hivyo, mguu wowote unaweza kuwa mhimili wako: unageuka kulia au kushoto, mkabaji hajui. Ukitua mguu mmoja kisha mwingine, ule wa kwanza ndio umefungwa, na mkabaji anayejua kazi yake ameshaona. Wiki iliyofuata tulifanya kutua tu. Hakuna kurusha, hakuna kudunda. Pokea, tua, geuka. Nahodha wangu akauliza kwa heshima zote, "Kocha, hii ni timu ya kikapu au ya vyura?" Msimu ule makosa ya kutembea na mpira yalipungua mpaka waamuzi wakaanza kuniuliza tunafanya nini.

Iverson alipoingizwa mwaka 2016 katika jumba la mashuhuri wa kikapu kule Springfield, alimshukuru Brown. Yule yule wa mazoezi.

2. Mjue mwalimu wa mwalimu wako

Brown alicheza chini ya Dean Smith pale North Carolina. Smith alikuwa mchezaji wa Phog Allen pale Kansas. Allen alifundishwa na James Naismith mwenyewe, yule aliyetundika vikapu vya matunda Springfield, Massachusetts, mwaka 1891 akaubuni mchezo huu. Waliosoma madrasa watalielewa jambo hili haraka kuliko mimi: ni silsila, kila mmoja anaweza kumtaja aliyempokea. Na jambo lililonichekesha ni kwamba Naismith, mwenye mchezo, ndiye kocha pekee katika historia ya Kansas aliyepoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda. Ukifungwa Jumamosi, mkumbuke.

Silsila haikuishia kwa Brown. Gregg Popovich alikuwa akifundisha chuo kidogo California ambacho wengi hawakukisikia. Msimu wa 1986 hadi 1987 akaenda Kansas kukaa pembeni ya Brown na kujifunza, kisha akamfuata San Antonio kama msaidizi. Baadaye alitwaa ubingwa wa NBA mara tano, na ule wa 2005 aliuchukua kwa kumfunga mwalimu wake, mechi saba. Bill Self na John Calipari nao walipita katika benchi la Brown pale Kansas wakiwa vijana. Mwaka 2008 wakakutana wawili hao katika fainali ya vyuo, Self akishinda kwa dakika za nyongeza.

Mimi katika ujana wangu daftari la mazoezi nililificha chini ya godoro, kocha jirani asije akaiba michoro. Siri ilitunzwa vizuri sana. Hata wachezaji wangu hawakuijua michoro ile. Mtu aliyefundisha mabingwa aliwaacha vijana wakae pembeni yake wakiandika kila kitu. Tangu nilipong'amua hilo, kijana yeyote anayetaka kukaa benchini kwangu anakaribishwa, sharti langu ni moja: aje na kalamu yake.

3. Suti haifundishi

Fainali yangu ya kwanza ya ligi nilivaa suti ya mtumba kutoka Karume, kwa sababu makocha wa NBA wakati ule walivaa suti. Kufikia robo ya pili nilikuwa nimelowa kama niliyepita Jangwani siku ya mvua, na kijana wa akiba ananipepea kwa kibao cha kuandikia. Baadaye nikaja kuona picha za Brown wa miaka ya 1970: pembeni ya uwanja, kocha wa kulipwa, amevaa ovaroli ya fundi.

4. Mpeleke mtu kwenye nguvu yake

Philadelphia ilikuwa timu iliyoshinda mechi 22 na kupoteza 60 msimu mmoja kabla ya Brown kufika mwaka 1997. Iverson alikuwa na futi sita tu, na kila aliyemtazama alisema mtu mfupi kazi yake ni kupandisha mpira na kugawa. Brown, ambaye mwenyewe alicheza kikapu cha kulipwa akiwa mfupi zaidi, hatimaye alifanya kinyume. Akampa Eric Snow kazi ya kupandisha mpira na kuwakaba warushaji wakubwa wa wapinzani, na Iverson akaachiwa kukimbia bila mpira, kuupokea akiwa kwenye mwendo, na kufunga. Wengine wote waliomzunguka walikuwa watu wa kukaba na kugombea ribaundi.

Februari 2001 wakamchukua kutoka Atlanta Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa. Hapo ndipo uwanja wetu ulipobadilika. Vijana wa Dar ambao hawakujali NBA wakaanza kukesha, kwa sababu pale ndani kulikuwa na mtu wa Kongo anayezuia mipira na kutikisa kidole kumwambia mrushaji kwamba hapa hapapitiki. Kila mtoto mrefu wa Upanga na Kurasini alikuwa anatikisa kidole, hata akizuia mpira wa mdogo wake.

Msimu huo timu moja ilitoa mchezaji bora wa ligi (Iverson), mlinzi bora (Mutombo), mchezaji bora wa akiba (Aaron McKie) na kocha bora. Mechi ya kwanza ya fainali dhidi ya Lakers huku kwetu ilianza saa kumi alfajiri. Lakers hawakuwa wamepoteza hata mechi moja ya mtoano. Iverson akafunga pointi 48, Philadelphia wakashinda 107 kwa 101 baada ya dakika za nyongeza, na muadhini wa mtaa wetu bila shaka alishangaa kukuta watu wengi wameamka kabla yake, ingawa si kwa ajili ya sala. Lakers walishinda nne zilizofuata. Sikujali sana. Nilikuwa nimeona kwamba kumpanga mtu kwa urefu wake, au kwa kile ambacho kitabu kinasema, ni uvivu wa kocha.

Nilikuwa na kijana mnene, mzito wa mbio, ambaye kila kocha alimweka chini ya kikapu kwa sababu ya mwili. Mikono yake ilikuwa laini ajabu. Nikamtoa nje, kwenye pembe, nikamwambia kazi yako ni kusimama hapa na kurusha. Wapinzani walimcheka robo nzima ya kwanza. Robo ya pili walikuwa wanapigiana kelele nani amkabe.

5. Uliza una muda gani

Juni 15, 2004, Detroit waliifunga Lakers na kutwaa ubingwa, mechi nne kwa moja. Lakers walikuwa na Shaquille O'Neal, Kobe Bryant, Karl Malone na Gary Payton. Detroit walikuwa na Ben Wallace, ambaye alipomaliza chuo hakuna timu iliyomchagua, na Chauncey Billups, aliyekuwa amezungushwa timu kadhaa kabla ya kutulia. Katika mechi ya tatu Lakers ile iliambulia pointi 68. Nilidhani sasa nimeona jibu la kila kitu: mpe Brown watu wowote, atawafundisha, watashinda.

Agosti 15, miezi miwili baadaye, Brown yule yule akiiongoza timu ya taifa ya Marekani kwenye Olimpiki ya Athens, alifungwa na Puerto Rico 92 kwa 73. Tangu Marekani ianze kupeleka wachezaji wa NBA mwaka 1992, haikuwa imewahi kupoteza mechi ya Olimpiki. Ikapoteza tatu, ikarudi na shaba. Popovich alikuwa benchini naye. LeBron James, Carmelo Anthony na Dwyane Wade walikuwa kikosini, vijana wabichi, na LeBron na Carmelo kwa sehemu kubwa walikaa.

Nilikaa na swali hilo siku nyingi. Mtu mmoja, mwaka mmoja, imekuwaje? Nadhani jibu ni kwamba dawa ya Brown hufanya kazi polepole. Inahitaji miezi ya kusimamisha, kurekebisha, kurudia, na pia kukwaruzana na kupatana. Detroit alikuwa na msimu mzima. Athens alikuwa na majuma machache na kikosi kilichokusanywa kwa haraka, naye akawafundisha kana kwamba wana msimu, akinung'unika hadharani wanapokosea. Vijana wale watatu walirudi Beijing mwaka 2008 chini ya kocha mwingine wakachukua dhahabu, kwa hiyo tatizo halikuwa vipaji vyao.

Nilipokuja kupewa timu ya kombaini ya vijana siku chache kabla ya mashindano, nilichagua mambo matatu tu: kurudi haraka kukaba, kuzuia wapinzani wasifikie ribaundi, na pasi moja ya ziada kabla ya kurusha. Kocha mwenzangu alinidharau kwa kutokuwa na mchoro hata mmoja. Tulifika nusu fainali.

6. Makaratasi ni sehemu ya mchezo

Hapa ndipo ninapomtazama Brown kwa huzuni. Vyuo vikuu alivyofundisha kama kocha mkuu vilikuwa vitatu, na vyote vitatu viliadhibiwa na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. UCLA ilifika fainali ya 1980, kisha nafasi ile ikafutwa kwenye kumbukumbu. Kansas, mabingwa wa 1988, hawakuruhusiwa kwenda kutetea taji lao mwaka uliofuata. SMU ilikuwa mbaya zaidi kwake binafsi: mwaka 2015 alifungiwa mechi tisa, na timu ikazuiwa kushiriki mtoano, kwa sababu ya udanganyifu wa kazi za darasani za mchezaji mmoja. Brown alipojua hakuripoti, na alipohojiwa mwanzoni hakusema kweli. Timu ile ya SMU ilishinda mechi zake 18 za kwanza msimu huo, na haikuwa na pa kwenda.

Nakwambia haya kwa sababu nami nimewahi kuchezesha kijeba. Mashindano ya shule, umri una kikomo, na mimi nina senta ambaye asubuhi ya mechi nilimkuta bombani ananyoa ndevu. Nilimsalimia, nikapita. Karatasi zake zilikuwa na mhuri, nikajiambia mhuri ni kazi ya mwalimu mkuu. Timu pinzani ikakata rufaa tukiwa tumeshafuzu. Waliolia si mimi wala yule kijeba. Ni watoto wa umri halali, waliotua kwa miguu miwili mwaka mzima kama nilivyowafundisha, wakafungashwa kwenye basi kurudi nyumbani. Mmoja alikuwa amesuka nywele mpya kwa ajili ya picha ya fainali.

Siku hizi ninakagua vyeti vya kuzaliwa mwenyewe, kimoja kimoja, kabla sijagusa mpira. Wazazi wananiona mkali. Waache.

7. Ukiondoka, waage wenyewe

Mwaka 1983 Brown alikuwa New Jersey, timu inashinda, msimu umebakiza mechi sita. Akawa ameshazungumza na Kansas. Uongozi ukaona mtu asiyekuwepo kwa moyo aende tu, akaenda. Mwaka 1988, ubingwa wa Kansas ukiwa bado wa moto, akaondoka kwenda San Antonio. Msimu wake wa kwanza huko alishinda mechi 21 na kupoteza 61; David Robinson alipoingia msimu uliofuata wakashinda 56. Baadaye akaondoka na huko.

Watu humsimanga kwa hilo, nami sikubaliani nao moja kwa moja. Timu nane tofauti za NBA alizifikisha kwenye mtoano, hakuna kocha mwingine aliyefanya hivyo. Clippers, ambao walikuwa wamesahau mtoano unafananaje, waliingia alipofika yeye. Kila mahali alipopita watu walijua kikapu zaidi kuliko alivyowakuta. Mwalimu anayehama si lazima awe mwalimu mbaya. Kuna mtu anayekarabati nyumba vizuri kuliko anavyoishi ndani yake.

Kinachonikera ni jinsi ya kuondoka. Niliwahi kufundisha timu ya wasichana, bila malipo, na katikati ya msimu klabu moja ikaniahidi nauli na posho. Niliwaambia mabinti nina dharura, nitarudi Jumatatu. Nikaenda klabuni. Miaka mingi baadaye nikiwa kwenye daladala mwanamke mmoja aliyepakata mtoto akanisalimia, "Shikamoo, Kocha." Nilimtambua kwa mabega. Tukaulizana habari za nyumbani, tukacheka mawili matatu. Alipofika kituo chake akasema, bila ukali wowote, "Tulikuja ile Jumatatu. Na iliyofuata." Akashuka.

Kwa hiyo nenda. Nafasi nzuri ikija, ichukue, nyumbani kuna watoto wanakula. Lakini waite wachezaji, waambie unaenda wapi na kwa nini, na uwaambie nani atawashika. Wakikasirika, wakasirike ukiwa umesimama mbele yao.

8. Kiti cha pembeni nacho ni kiti

Torino walimchukua Brown mwaka 2018, wakamwachisha kazi Desemba mwaka huo huo. Alikuwa na miaka 78, jina lake liko katika jumba la mashuhuri tangu 2002, ana medali ya dhahabu ya Tokyo 1964 kama mchezaji. Angeweza kukaa kibarazani. Mwaka 2021 alienda chuo cha Memphis kuwa msaidizi wa Penny Hardaway, mtu ambaye alikuwa hajazaliwa wakati Brown anarusha mipira Tokyo. Nilipoisoma habari ile niliona haya kwa niaba yake. Halafu nikafikiri: mazoezini, nani anajua nani ni kocha mkuu? Anayerekebisha miguu ni yule aliyesimama karibu.

Nami sasa ni msaidizi. Kocha mkuu ni binti niliyemfundisha kudunda mpira akiwa darasa la sita. Wachezaji wanamwita Kocha, mimi wananiita Babu. Kazi yangu ni wanaotua vibaya, na bado wapo wengi. Mechi ikipamba moto husahau nafasi yangu nikasimama kumfokea mwamuzi, naye bila hata kugeuka hunyoosha mkono nyuma: "Babu, kaa." Ana sababu. Kosa la kiufundi la benchi huandikwa kwa kocha mkuu, haijalishi ni mzee gani aliyepiga kelele.